Janet Dailey na Nora Roberts: wizi ulioonwa na msomaji

Mwaka 1996 Janet Dailey, mmoja wa waandishi wa riwaya za mapenzi waliouza zaidi Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Notorious. Mhusika wake mkuu ni Eden Rossiter, mwanamke mwenye ranchi ya ng'ombe huko Nevada, aliyezoea kujitegemea na asiyemwamini mwanamume kirahisi. Miaka minane nyuma, 1988, Nora Roberts alikuwa ametoa Sweet Revenge, hadithi ya Adrianne, binti mfalme wa nchi ya kubuni ya Kiarabu, anayegeuka mwizi wa vito ili kulipiza yaliyompata mama yake. Ukisoma muhtasari wa nyuma ya majalada huoni popote vinapokutana. Mmoja anachunga mifugo jangwani, mwingine anapanda kuta za nyumba za matajiri usiku. Mwaka 1997 msomaji mmoja akavisoma kimoja baada ya kingine, akagundua kwamba katika kitabu cha pili anakutana na maneno aliyotoka kuyasoma katika cha kwanza.

Tuangalie sehemu moja iliyonukuliwa sana wakati ule. Katika Sweet Revenge, Adrianne ameshtuka kutoka kwenye jinamizi. Mwanamume aliye naye anamwambia azungumze. Anajibu kwamba ilikuwa ndoto tu, kama yeye mwenyewe alivyosema. Mwanamume anamwambia anaona ana maumivu, anamgusa shavu, na mwanamke anafumba macho. Wewe sema, mimi nitasikiliza. Simhitaji mtu yeyote. Siondoki mpaka uzungumze nami.

Sasa fungua Notorious. Eden ameshtuka kutoka kwenye jinamizi. Mwanamume anamwambia azungumze, na hapa anamtaja jina. Ilikuwa ndoto tu, kama ulivyosema. Una maumivu. Shavu linaguswa, macho yanafumbwa. Wewe sema, mimi nitasikiliza. Sikuhitaji wewe, simhitaji mtu yeyote. Siondoki mpaka uzungumze nami.

Ukizitenga sentensi hizo mojamoja, hakuna hata moja ya ajabu. "Ilikuwa ndoto tu" ni kauli ya kila mtu. Kinachoshtua ni mfuatano: nani anaanza, nani anajibu, mkono unafika shavuni kwenye mstari upi, kimya kinakaa wapi, ubishi unaishia kwa kauli gani. Huo mfuatano ndio kazi ya mwandishi. Watu wawili hawawezi kuufikia kwa bahati, tena wakiwaandikia wahusika wasiofanana hata kidogo.

Ili uelewe kwa nini jambo hili liliwaumiza waandishi wa mapenzi kuliko wizi mwingine wa maandishi, inabidi ujue wanawake hawa wawili walifikaje walipofika.

Dailey alizaliwa 1944 katika mji mdogo wa Storm Lake, jimbo la Iowa. Akiwa binti alikwenda Omaha, Nebraska, akaajiriwa ukatibu kwa mjenzi aitwaye Bill Dailey, na baadaye wakaoana. Alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu vya Harlequin, vile vidogo vya mapenzi, na alipozidi kulalamika kwamba hata yeye angeweza kuandika kama hivyo au zaidi, mumewe akamwambia aandike basi. Akaandika. Katikati ya miaka ya 1970 muswada wake ulikubaliwa na Mills & Boon ya London, kampuni ambayo Harlequin ya Kanada ilikuwa imeshainunua mwaka 1971. Hapo akawa Mmarekani wa kwanza kuandikia Harlequin.

Leo ni rahisi kulipita jambo hilo, ila lilikuwa kubwa. Riwaya hizo zilikuwa za Waingereza kwa sehemu kubwa sana: madaktari wa London, mabwana wa mashamba, matajiri wa Kigiriki wenye mashua. Dailey akaleta wachunga ng'ombe, wanawake wanaofanya kazi, barabara ndefu za Marekani. Yeye na Bill waliacha biashara ya ujenzi, wakafunga nyumba ya magurudumu nyuma ya gari, wakazunguka nchi nzima. Bill alikuwa akikusanya habari za kila mahali, mkewe akiandika. Kutokana na safari hizo ukatoka mfululizo wa riwaya zilizogusa majimbo yote 50, riwaya kwa kila jimbo. Alikuwa akiamka alfajiri saa kumi na kuandika mpaka atimize idadi ya kurasa alizojiwekea siku hiyo. Mwaka 1981 akaanza mfululizo wa familia ya Calder wa Montana, na huo ndio uliomweka kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi mwaka hadi mwaka. Kufikia kifo chake, nakala za vitabu vyake zilihesabiwa kupita milioni 300.

Kwa umri Roberts amepitwa na Dailey kwa miaka sita. Alizaliwa Silver Spring, Maryland, mwaka 1950, kwa jina la Eleanor Marie Robertson. Februari 1979 theluji kubwa ilimfungia ndani na watoto wake wawili wadogo, shule zimefungwa, barabara hazipitiki. Akachukua daftari na penseli akaanza kuandika hadithi. Miswada yake aliipeleka Harlequin ikakataliwa, mmoja baada ya mwingine. Roberts amesimulia mara nyingi kwamba sababu mojawapo aliyopewa ni hii: tayari wana mwandishi wao Mmarekani.

Mwandishi huyo ni Janet Dailey. Kwa macho ya wachapishaji wa wakati ule, Mmarekani mmoja alikuwa anatosha.

Mlango ulifunguka kwa ugomvi wa kibiashara. Harlequin ilipokatisha mkataba na kampuni ya New York ya Simon & Schuster, iliyokuwa ikisambaza vitabu vyake Marekani, Simon & Schuster ikaanzisha nembo yake yenyewe ya mapenzi mwaka 1980, Silhouette, na ikawatafuta waandishi wa Kimarekani waliokuwa wameachwa nje. Riwaya ya kwanza ya Roberts, Irish Thoroughbred, ilitoka hapo mwaka 1981. Dailey naye alihamia Silhouette. Mwaka 1986 chama cha waandishi wa mapenzi wa Marekani kilipoanzisha orodha yake ya heshima, wa kwanza kuingizwa alikuwa Roberts. Wanawake hawa wakawa wenzi wa kazi, wanaofahamiana na kukutana kwenye mikutano ileile ya waandishi.

Kwa hiyo mtu aliyeibiwa ni yule aliyekuwa ameambiwa nafasi yake imeshachukuliwa na aliyemwibia.

Yule msomaji aliandika aliyoyaona kwenye intaneti, akiweka mistari ya kitabu kimoja karibu na mistari ya kingine. Habari ikamfikia Roberts. Mwishoni mwa Julai 1997, wiki ambayo waandishi wa mapenzi walikuwa wakikusanyika Orlando kwa mkutano wao wa mwaka, Dailey alitoa taarifa kwa vyombo vya habari. Alikiri kwamba amechukua maneno na mawazo ya Roberts, akaomba radhi, na akasema chanzo ni tatizo la kisaikolojia ambalo hakujua kama analo, lililochochewa na mashaka ya nyumbani: mumewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu, na kaka zake walikuwa wamefariki. Vitabu viwili vilitajwa, Aspen Gold wa 1991 na Notorious. Vyote viwili viliondolewa sokoni.

Misiba ile ilikuwa ya kweli na siwezi kuipunguza uzito. Ila tazama tarehe. Aspen Gold na Notorious vinatenganishwa na miaka mitano. Jinamizi lile la Adrianne halikuhamia Nevada lenyewe. Palikuwa na kitabu cha mwenzake karibu, palikuwa na mkono unaobadilisha jina, na palikuwa na jicho lililojua neno gani liongezwe ili mstari usifanane kabisa. Maradhi yanaweza kueleza kwa nini mtu alifika mahali pabaya. Taarifa ile haikueleza kazi iliyofanyika alipokuwa pale, na ndiyo maana waandishi wengi waliisoma bila kuridhika. Mimi nasoma kitu kingine pia katika maisha yake. Huyu ni mtu aliyejijengea jina kwa kasi, aliyekuwa akitoa vitabu mwaka hadi mwaka tangu ujana, na sasa miaka ya 1990 nyota ya Roberts inapanda huku yeye akiandika riwaya kubwa kwa soko lililobadilika. Hayo ni maoni yangu na hayamfutii kosa. Lakini mtindo wa kazi unaomtaka mwandishi asikauke hata mwaka mmoja haumwachii nafasi ya kusema amekauka.

Habari ilipoenea, kuna watu walicheka. Riwaya za mapenzi zote si zinafanana? Binti anakutana na mwanamume, wanagombana, wanapendana, wanaachana kidogo, wanaoana. Sasa hapo kimeibwa nini?

Dharau hiyo ndiyo kiini cha kisa kizima, na inastahili kujibiwa pole pole. Ni kweli kwamba riwaya za mapenzi zina umbo moja. Kanga nazo zina umbo moja: kila kanga ina pindo, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina. Hakuna mwanamke wa Pwani atakayekuambia kwa sababu hiyo kanga zote ni sawa. Anasimama dukani anafunua moja baada ya moja, anasoma jina, anaziacha kumi na kuchukua moja, na ukimwuliza anajua kwa nini. Msomaji wa mapenzi anajua mwisho tangu ukurasa wa kwanza, na hasomi kwa ajili ya mwisho. Anasoma namna. Anataka kuona huyu mwandishi, mwenye sauti hii, atawafikishaje watu wawili wenye kiburi mahali pa kuambiana ukweli. Kwa kuwa umbo ni la wote, kilichobaki kuwa mali ya mwandishi ni sentensi zake. Ukimnyang'anya hizo hujambakishia kitu. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ukimwibia aya tatu bado ana fumbo lake. Mwandishi wa mapenzi hana fumbo la kujificha nyuma yake.

Na dharau hiyohiyo ndiyo iliyoufunika wizi. Vitabu vile vilipitia kwa wahariri, wasahihishaji, wachapaji, wauzaji. Aspen Gold kilikaa sokoni miaka. Wahakiki wa magazeti makubwa hawakuwa wakizisoma riwaya hizi kwa makini yanayohitajika kukumbuka mstari. Aliyekumbuka ni msomaji wa kawaida, mtu aliyesoma Roberts na Dailey kwa mapenzi yake, mwenye sikio lililozoea. Nikiulizwa nani alikuwa mhakiki bora wa riwaya ya mapenzi mwaka 1997, nitamtaja yeye.

Kisheria kesi ilikuwa na njia iliyo wazi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyoandikwa. Mwanamke mwenye siri anayelindwa na mwanamume mvumilivu si mali ya mtu. Mazungumzo ya usiku ule, kwa mpangilio ule, ni mali ya Nora Roberts. Msingi huu ni uleule uliomo katika sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, na wengi wetu tunaukosea kwa pande zote mbili: kuna anayelalamika ameibiwa kwa sababu tu mwenzake naye ameandika juu ya mke wa pili mchawi, na kuna anayenakili kurasa nzima akijitetea kwamba amebadilisha majina.

Roberts alifungua kesi Agosti 1997. Kabla ya hapo alikuwa ameshasema kwamba fedha zozote atakazolipwa hatazitia mfukoni, zitakwenda kwa mashirika yanayowafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Aprili 1998 pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama na kiasi hakikutangazwa.

Walikuwepo waliomwona Roberts mkali. Mwanamke mwenzake ameungama, mumewe mgonjwa, yeye mwenyewe ni tajiri, kwa nini asinyamaze? Hoja hii inasikika ya kiutu lakini inamgeuzia mzigo aliyeibiwa. Kuungama kulikuja baada ya kukamatwa. Na Roberts alikuwa na jambo la pili la kulinda: kama yeye, mwenye mawakili na jina, angeliachia jambo hili lipite kama ugomvi wa wanawake wanaoandika vitabu vya kusomea kitandani, mwandishi mchanga wa riwaya zilezile angekwenda kwa nani? Kwa kutochukua fedha aliwanyima watu nafasi ya kusema anatafuta faida, na kwa kwenda mahakamani aliiweka katika karatasi za mahakama hoja kwamba sentensi ya riwaya ya mapenzi ina mwenyewe.

Kwetu vitabu hivi si vigeni. Mills & Boon vimepita mikononi mwa wasichana wengi wa shule za bweni Kenya na Tanzania, vikifichwa chini ya mto, na hadi leo utavikuta vya mtumba vimetandazwa chini mitaani Nairobi na Dar es Salaam. Ila lililo karibu zaidi nasi ni riwaya za Kiswahili zinazotoka kipande kwa kipande kwenye Facebook na WhatsApp. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza, ya pili, ya kumi, watu wanalipia kwa simu ili watumiwe mwendelezo. Baada ya muda hadithi ileile inaonekana kwenye kundi jingine. Salma amekuwa Zuhura, Tanga imekuwa Mwanza, jina na namba ya mwandishi vimefutwa na vingine vimewekwa. Nimeona waandishi wazuri wakiacha kabisa kwa sababu hiyo. Wakilalamika wanajibiwa maneno yaleyale ya 1997: si hadithi za mapenzi tu, zote zinafanana.

Njia ya yule msomaji wa Marekani inafaa hapa hapa. Hakutukana mtu wala kusema "huyu mwizi". Aliweka kurasa mbili zikatazamana. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji kelele, na ndio huohuo utakaohitajika ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya: maandishi yako yenye tarehe, maandishi ya mwenzako, mstari kwa mstari. Mwandishi anayeandikia kwenye simu na kufuta rasimu zake kila nafasi inapojaa anajinyima silaha hiyo, na inanisikitisha kila ninapoliona.

Maisha yaliendelea kwa wote wawili. Dailey alipata mkataba mpya na kampuni ya Kensington mwanzoni mwa miaka ya 2000, akarudi kwenye familia ya Calder, na Green Calder Grass ikatoka 2002. Wasomaji wake walimpokea. Sioni vibaya hilo: Calder ni yake, aliijenga mwenyewe, na mtu aliyeiba hafungiwi kalamu maisha. Bill alifariki 2005, na Janet akafariki Branson, Missouri, Desemba 2013. Taarifa nyingi za kifo chake zilitaja majimbo 50, mamilioni ya nakala, na kesi ya 1997. Ndivyo inavyopaswa kuwa, vyote kwa pamoja. Aliwafungulia Wamarekani njia iliyokuwa imefungwa, na alimwibia mmoja wa waliopita nyuma yake.

Roberts hakupunguza mwendo. Tangu 1995 alikuwa ameanza pia kuandika riwaya za upelelezi kwa jina la J.D. Robb, na vitabu vyake kwa majina yote mawili vimepita 200. Anakaa kwenye kiti kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku, huko Maryland kwenye vilima ambako theluji ile ilimkuta.

Februari 2019 jambo lilirudi. Msomaji alimstua mwandishi Courtney Milan kwamba amekuta maneno yake katika kitabu cha mwandishi mmoja wa Brazil. Milan akalinganisha, akatangaza. Wasomaji wengine wakaanza kufungua vitabu vingine vya mwandishi huyohuyo, na orodha ya walionakiliwa ikawa ya makumi, Roberts akiwemo. Safari hii utetezi ulikuwa waandishi wa kukodi waliolipwa kupitia mtandao. Waandishi wengi kati ya walionakiliwa hawakuwa na uwezo wa kulipa mawakili katika nchi ya mbali. Roberts, akiwa na miaka 68, alifungua kesi Rio de Janeiro mwezi Aprili, na akasema fidia ikipatikana itakwenda kwa mradi wa kufundisha kusoma na kuandika hukohuko Brazil.